Puliza Kama Unapuliza Moto

Mama wa kwanza niliyempima pumzi alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi, katika kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Nilimbana pua kwa kibano, nikampa bomba la karatasi la kuweka mdomoni, nikamwambia, "Mama, vuta hewa mpaka kifua kijae, halafu puliza kama unapuliza moto." Akavuta. Kisha akakunja midomo, akatoa pumzi nyembamba, ndefu, tulivu, pumzi ya mwanamke ambaye tangu akiwa msichana ameamsha kuni mbichi kila alfajiri bila kurusha jivu. Kwenye kioo cha mashine mstari ulijikokota kupanda. Mashine ikatoa onyo. Nikadhani ni ugeni wake tu, nikampongeza mama, nikaandika namba.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni tulikofikia, msimamizi wetu alifungua michoro ya watu tisa niliowapima siku hiyo. Akaitazama mmoja mmoja bila kusema kitu, halafu akaniuliza nilikuwa nawaambia maneno gani. Nikamwambia.

"Basi umewapa watu ugonjwa kwa mdomo wako," akasema.

Mimi ni muuguzi. Nilikuwa nimetoka wodini, ambako mgonjwa wa kifua huja akiwa tayari anahema na midomo imebadilika rangi, nikajiunga na timu ya utafiti wa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao madaktari huuita COPD. Kijijini hauna jina. Yeyote anayehema huambiwa ana pumu, na akiwa mzee huambiwa ni uzee. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba kupima watu wazima, wazima wa afya na wagonjwa pamoja, ili ijulikane ni wangapi hasa wanaoishi nao.

Kipimo chenyewe, spirometa, kinataka vitu viwili: hewa yote mtu anayoweza kuitoa baada ya kujaza kifua, na kiasi gani cha hewa hiyo kinatoka ndani ya sekunde ya kwanza. Ukigawa hicho cha sekunde ya kwanza kwa hewa yote, ukapata chini ya 0.70 hata baada ya mtu kuvuta dawa ya kutanua njia za hewa, hapo unasema njia zimeziba na hazifunguki. Ndiyo maana pumzi lazima ilipuke. Anayetoa hewa polepole, hata akiwa na mapafu ya mkimbiaji, sekunde yake ya kwanza itakuwa ndogo na mashine itamsoma kama mgonjwa. Moto haulipuliwi. Moto hubembelezwa. Nilikuwa nimechagua mfano ambao kila mwanamke pale aliujua kuliko mimi, na kila mmoja alinitii kikamilifu.

Kesho yake nilirudi kwenye nyumba zote tisa kuomba radhi na kupima upya.

Usiku ule, kabla ya kurudi, tulikaa kutafuta maneno. Mkufunzi wetu alikuwa ametufundisha kusema "kama unazima mishumaa", lakini watu wa pale wanazima kibatari, na kibatari kinazimwa kwa "fu!" moja fupi, kisha mtu ananyamaza. Sisi tulihitaji mlipuko halafu mwendelezo wa sekunde sita. Hatukupata mfano. Tulichopata ni kufanya mbele yao. Nilisimama, nikavuta hewa mpaka mabega yakapanda, nikailipua, nikaendelea kutoa mpaka macho yakatoka machozi. Halafu ilipofika zamu ya mama au mzee, nilisimama karibu naye nikihimiza kwa sauti: "Toa! Toa, toa, toa, bado, bado ipo, bado!" Ilipofika nyumba ya nne watoto wa jirani walikuwa wamekariri, wakaitikia kwa pamoja, "Bado! Bado!" Michoro ya siku hiyo ilipanda kama ukuta na kushuka vizuri. Kanuni inataka pumzi tatu zilizo sahihi, na mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Tulizipata kwa karibu kila mtu, na nina hakika nusu ya kazi ilifanywa na watoto wale.

Baada ya pumzi za kwanza tunampa mshiriki salbutamol, ile dawa ya kutanua njia za hewa, mikrogramu 400, yaani mibonyezo minne ya pampu, kisha tunasubiri robo saa ndipo tupime tena. Robo saa hiyo haina kazi kwenye ratiba ya utafiti. Kwangu ilikuwa na faida kuliko dodoso.

Dodoso lilikuwa limetafsiriwa kwa uangalifu, silisemi vibaya. Lakini lilikuwa na swali linalouliza kama mtu akitembea na watu wa rika lake kwenye tambarare wanamwacha nyuma kwa sababu ya pumzi. Yule mama wa kwanza, nilipomsomea, aligeuka akautazama mteremko ulioanzia mlangoni kwake kwenda chini mtoni na mwingine ulioanzia nyuma ya jiko kwenda juu barabarani.

"Tambarare iko wapi, mwanangu?"

Nikamwomba anieleze kwa njia yake. Akasema zamani alipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani bila kusimama. Sasa anasimama mara tatu: kwenye mti wa mringaringa, kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kwenye kona ya kanisa. Mwaka juzi alikuwa anasimama kwenye mringaringa tu. Hakuna kipimo cha kuhema nilichowahi kukiona kinachoeleza kudhoofika kwa mtu kwa usahihi kama huo. Nikaandika pembeni mwa karatasi, na kuanzia siku hiyo kila niliyempima nilimuuliza anasimama wapi.

Swali la kikohozi nalo. "Mama, unakohoa?" "Hapana." Kisha anakohoa, anatema kwenye kanga, anafuta midomo. "Na hiki?" "Hiki si kikohozi. Hiki ni moshi." Kwake kikohozi ni kile cha homa, kinachokuja na kuondoka. Kile cha kila siku ni sehemu ya asubuhi, kama kufagia uwanja.

Na lile la kuvuta sigara lilituchukulia dakika nyingi pasipo faida. Kurasa mbili zilihesabu pakiti kwa miaka, na akina mama wakajibu sijawahi, sijawahi, sijawahi. Kuni zilipewa mstari mmoja: unapika saa ngapi kwa siku? Mama alijibu tatu. Nilipoenda kumsalimia siku nyingine nilimkuta jikoni, kwenye chumba kisicho na dirisha ila upenyo chini ya bati, anachemsha ndizi za mbege, pombe ya ndizi. Sufuria ilikuwa kwenye mafiga tangu alfajiri na ingekaa hapo mpaka jioni. Alipika mbege ya kuuza karibu kila wiki kwa miaka zaidi ya thelathini, ndiyo iliyosomesha watoto. Hakuihesabu kwa sababu swali lilisema kupika, na mbege kwake ni biashara.

Nilianza kuelewa maswali hayo yametoka wapi. Mengi tunayoyajua kuhusu mwendo wa ugonjwa huu yalijengwa juu ya watu wengine. Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto walichapisha walichoona kwa wanaume 792 wafanyakazi wa London waliofuatiliwa kwa miaka minane: kwamba kwa baadhi ya wavutaji sigara pumzi hupungua kwa kasi, na kwamba mtu akiacha, kilichopotea hakirudi ila kasi inashuka na kukaribia ya mtu asiyevuta. Ni kazi kubwa, na kila daktari wa kifua amefundishwa mchoro wake. Wote 792 walikuwa wanaume. Mama wa mbege hayumo kwenye mchoro ule, na hana kitu cha kuacha isipokuwa kula.

Walioanza kumwingiza ni watafiti waliofanya kazi huku kwetu. Masindi, Uganda, watu 588 wa kuanzia miaka 30 walipimwa pumzi kwa njia hiihii, matokeo yakachapishwa mwaka 2015: asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa, wanawake sawa na wanaume au zaidi kidogo, na karibu wote wanaishi na moshi wa kuni. Tanzania nayo, kijijini, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta asilimia 17.5 kwa watu wa miaka 35 na zaidi. Niliposoma namba hizo niliona nyuso. Karibu mtu mmoja kati ya sita, na wodini nilikokuwa nimefanya kazi kwa miaka sikumbuki kuona neno COPD kwenye faili zaidi ya mara chache.

Kuna jambo jingine la mashine ambalo halikunitoka moyoni. Kabla ya kumpima mtu unaingiza umri, jinsia, urefu, halafu kuna kisanduku cha asili yake, mweusi au mweupe. Niliuliza kwa nini. Nikaelezwa kwamba ukichagua mweusi, mashine inapunguza kiwango inachokiita cha kawaida. Spirometa ilipata umaarufu kwa John Hutchinson, daktari aliyepima watu zaidi ya 2,000 huko Uingereza na kuchapisha mwaka 1846. Ilipovuka kwenda Marekani ya utumwa, wapo walioitumia kudai kwamba mapafu ya mtu mweusi kwa maumbile ni duni. Dai hilo lilizaa punguzo, na punguzo likaingia kwenye mashine za leo. Uwiano wa 0.70 hauguswi sana, lakini ule ukubwa wa ugonjwa, asilimia ngapi ya pumzi imebaki, unaguswa: mama aliyepoteza sana anaandikwa amepoteza kidogo. Mwaka 2022 zilitoka hesabu mpya zisizouliza rangi, na mwaka uliofuata chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikashauri zitumike. Nilifurahi, na pia niliumia, maana ni wangapi walishapimwa kwa kisanduku kile?

Baba mmoja wa makamo alitufundisha upande mwingine. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu mara mbili, akapona mara zote mbili, na sasa alikuwa anatweta akivaa viatu tu. Zahanati ilikuwa inafikiria kumwanzishia dawa za TB mara ya tatu. Kwa kanuni hatumpimi pumzi mtu anayeshukiwa TB kabla ya makohozi yake kupimwa, basi tukapeleka makohozi kwanza. Hayakuwa na vimelea. Tukampima pumzi: njia zimeziba, dawa ya kutanua ilibadilisha kidogo sana. TB ilikuwa imeondoka na kuacha makovu. Hili linajulikana kwa watafiti, kwamba TB iliyopona ni mojawapo ya sababu kubwa za mapafu kuharibika katika nchi zetu, lakini kadi ya TB inaandikwa "amepona" na mtu anatoka kwenye daftari.

Nilimweleza taratibu, mkewe akiwa amesimama mlangoni. Nilitegemea aulize kuhusu dawa. Aliuliza, "Kwa hiyo haiambukizi?" Nikasema haiambukizi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Naweza kunywea vikombe vyao?" Kwenye kichanja nyuma yake kulikuwa na kikombe kimoja cha bati kimefunikwa kwa kisahani, kimetengwa na vingine. Alikuwa amekula na kunywa peke yake kwa miaka minne. Mkewe alikichukua kile kikombe akakisuuza, akakiweka pamoja na vingine, hakusema neno. Katika kazi yote ile sikutoa tiba iliyofanya kazi haraka kama hiyo.

Yaliyofuata baada ya majibu ndiyo sehemu ninayoizungumza kwa uchungu. Tulikuwa tumewaambia watu kwenye fomu ya ridhaa kwamba wakikutwa na tatizo watapewa rufaa, na wengine walitia dole gumba kwa sababu ya sentensi hiyo. Rufaa ilikuwa karatasi. Ilimpeleka mtu hospitali ambayo nauli yake ni kazi ya siku mbili, na alipofika hakukuwa na pampu ya dawa inayofanya kazi kwa muda mrefu kwenye dirisha la dawa. Akaandikiwa akanunue mjini. Zahanati ya karibu ilikuwa na vidonge vya salbutamol vinavyotetemesha mikono, na antibaiotiki. Mama mmoja alinirudishia karatasi imekunjwa vizuri, mara nne, akaniuliza, "Dada, hii namba mliyonipa nimpelekee nani?"

Nilipeleka swali lake kwa wakubwa wa mradi. Niliambiwa utafiti haukuwa na fungu la matibabu. Ilikuwa kweli kwa mujibu wa bajeti. Lakini tulikuwa tumeshaingia ndani ya nyumba za watu, tumeshawabana pua, tumeshawaambia kuna kitu ndani yao, na ukishamwambia mtu hivyo huwezi kujifanya mpita njia. Wenzangu na mimi tulifanya madogo tuliyoyaweza. Wenye pampu tuliwafundisha kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita na kuchomeka pampu humo ili dawa isiishie kinywani. Hilo si la kubahatisha: mwaka 1999 watafiti wa Cape Town wakiongozwa na Heather Zar walionyesha kwa watoto wenye pumu kwamba chupa ya namna hiyo hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani, ilimradi tundu libane vizuri.

Watu waliuliza pia kuhusu majiko. Yule mama wa mbege alikuwa na jiko banifu alilopewa na mradi uliopita, limekaa kando ya mafiga, juu yake kuna beseni la vyombo. Halichukui sufuria ya mbege, akasema, na usiku wa baridi haliotwi. Nilikumbuka Malawi, ambako utafiti mkubwa wa watoto zaidi ya 10,000 uliochapishwa mwaka 2017 haukukuta majiko ya kuni yenye moshi mdogo yakipunguza nimonia. Ni ugonjwa mwingine, lakini njia ya moshi ni ileile: ukibadilisha jiko moja na moto wa jirani, wa takataka na wa mbege ukabaki, pafu halitaona tofauti kubwa. Serikali yetu imetangaza kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ningependa wanaopanga mitungi ya gesi wakae siku moja kwenye jiko lile kuanzia alfajiri mpaka ndizi ziive.

Miezi kadhaa baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alijiunga nasi. Alitueleza kuhusu mazoezi ya mapafu, ambayo yamepimwa katika tafiti nyingi na yanampunguzia mgonjwa kuhema na kumrudishia nguvu za kutembea, na kwamba Kampala yalijaribiwa kwa watu waliobaki na makovu ya TB wakaendelea vizuri. Hayahitaji umeme. Jambo la kwanza alilotufundisha lilikuwa namna ya kutoa pumzi. Kwenye ugonjwa huu njia ndogo za hewa hulala na kujifunga mtu anapotoa hewa kwa nguvu, hewa inanaswa ndani, na pumzi inayofuata haina pa kuingia. Dawa yake ni kuvuta kwa pua, kukunja midomo, na kuitoa taratibu, nyembamba, ndefu, mara mbili ya muda wa kuvuta. Mgandamizo mdogo unaobaki unazizuia njia zisijifunge.

Alipokunja midomo kutuonyesha, nilijua nimeiona wapi.

Nilimkuta mama mtoni. Kipimo chake cha marudio, kile cha mlipuko, kilikuwa kimeonyesha chini ya 0.70, kwa hiyo ugonjwa alikuwa nao kweli. Alikuwa ameshajitwisha ndoo. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwomba nipande naye.

"Mama, hatua mbili vuta kwa pua. Hatua nne toa, kama unapuliza moto."

Akasimama, akanitazama. "Siku ile si ulirudi ukaniambia hivyo nimekosea?"

"Kwa mashine, mama. Kwa mlima uko sahihi."

Akakunja midomo. Tulipanda polepole, hatua mbili, hatua nne, maji yakichezacheza ukingoni mwa ndoo. Kwenye mringaringa alipunguza mwendo kwa mazoea, akashika shina kidogo, akaendelea. Kwa mwenyekiti tulisimama, akatua ndoo, akasalimiana na mke wa mwenyekiti habari za watoto na za kahawa. Kisha akajitwisha tena, akafunga midomo ile kana kwamba mbele yake kuna kaa moja tu jekundu lililobaki kwenye majivu, akalipuliza mpaka tukaipita kona ya kanisa.